Mawe ya Baba Hayapigwi Plasta

Watu wa kwetu wakiniita injinia huwa nakasirika, na wanajua, ndiyo maana wanaendelea kuniita. Mimi si injinia. Mimi ni msanifu wa majengo, mtu wa ramani, kama mama yangu anavyowaeleza kina mama wenzake kanisani wakimuuliza binti yake hufanya kazi gani huko Meru. Ofisi yangu ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila asubuhi napanda ngazi nikipishana na wapagazi waliobeba mabati kichwani. Nina hasira za karibu. Nasema hili mapema ili mbele ya safari msije mkashangaa.

Baba yangu ni mchonga mawe. Ukimwambia amestaafu atakuuliza alikuwa ameajiriwa na nani. Kwa zaidi ya miaka arobaini alichonga mawe kwenye timbo lililo bondeni, chini ya Karurumo, kwa nyundo na tindo, pande sita kila jiwe, mpaka jiwe likae mraba lisiyumbe hata ukilisukuma kwa mguu. Malori yaliyachukua hayo mawe yakayapeleka Runyenjes, Embu mjini, Nkubu, Meru, hadi Kaaga kwenye mashule. Mimi nimesomeshwa na hayo mawe. Karo yangu yote ilitoka kwenye lile shimo.

Nikiwa darasa la nne hivi alinipeleka hospitali Nkubu kwa sababu ya sikio lililokuwa limenikosesha usingizi wiki nzima. Tulipotoka kwa daktari, badala ya kurudi nyumbani, alinishika mkono akanizungusha mji mzima. Tulisimama mbele ya duka lililopakwa rangi ya kijani, na juu ya kijani hicho wamechora kipande cha sabuni kikubwa kuliko mlango.

"Mle ndani niko mimi," akasema.

Nikachungulia mlangoni nikamwona mwenye duka anapima sukari.

"Si dukani, mama. Ukutani."

Baba huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mamake, na kwetu jina ni jina kweli, halichezewi. Nikamuuliza mbona mawe siyaoni. "Yamepigwa plasta," akasema, bila uchungu wowote, kama mtu anayekueleza kwamba jana kulinyesha. Tukaenda ukuta mwingine, na mwingine, na kote alikuwa ndani, na kote hakuonekana. Yeye hakuona ubaya. Uchungu niliuchukua mimi, nikautia mfukoni pamoja na dawa za sikio.

Sitawadanganya kwamba siku hiyo niliamua kuwa msanifu. Siku hiyo niliamua kulilia mandazi, nikanunuliwa. Lakini miaka mingi baadaye, chuo kikuu, mhadhiri alituambia kila mmoja aandike kitu cha ujenzi kinachomgusa moyo. Wenzangu waliandika kioo, chuma, zege. Mimi niliandika plasta, na chini yake nikaongeza: naichukia.

Basi, miaka michache iliyopita, shule ya msingi niliyosomea pale Karurumo iliamua kujenga maktaba. Kamati ya wazazi ikaniita nichore. Nilichora bila malipo, kwani wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, ingawa mimi nilitunzwa soda moja na kuitwa injinia mara kumi na nane. Nilichora chumba kirefu chenye madirisha mengi nyuma, paa la mabati ya kawaida, na mbele, upande unaotazama mashariki, ukuta mmoja mrefu wa mawe yaliyochongwa kwa mkono. Bila plasta. Bila rangi. Jiwe lenyewe, lile letu la kijivu linaloelekea bluu likinyeshewa.

Mwenyekiti wa kamati ni mkulima wa kahawa, mtu mwema, mwenye nyumba iliyopigwa plasta mpaka kwenye banda la kuku. Aliitazama ramani, akaigeuza, akaitazama tena.

"Injinia," akasema, "ukuta usio na plasta, watu watasema pesa ziliisha."

Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa, na kurasa ishirini mkononi, na picha. Nikamwambia jiwe la mashine hutoka likiwa bapa, jua likilipiga halina la kusema. Lakini jiwe la mkono lina alama za tindo, na kila mchonga mawe ana mkono wake: huyu hupiga mshazari, yule wima, mwingine mistari mifupi mifupi kama anapalilia maharagwe. Kwenye saa tano, jua likishapanda na kuanza kuteremka na ukuta badala ya kuupiga usoni, kila mstari utatupa kivuli chake kidogo, na ukuta mzima utaamka. Nikamwambia nataka mtoto, kabla hajafungua kitabu, aone kwamba hata huu ukuta kuna watu waliouandika, mstari kwa mstari.

Mwenyekiti alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akasema, "Tufanye hivi. Tukifika wiki ya ufunguzi na ukuta wako hauridhishi macho, naupaka rangi. Krimu juu, bluu chini, kama madarasa mengine. Sawa?"

Ningekuwa na akili ningekataa. Lakini nilikuwa na kiburi kilichonijaa mpaka kooni. Nikampa mkono.

Jioni ile ile nikateremka nyumbani. Baba alikuwa anakunywa chai nje. Nikamwambia nataka mawe yake kwa ukuta wa mbele wa maktaba, yeye na wazee wenzake wawili waliobaki, na kwamba ukuta huo hautapigwa plasta.

"Utaonekana," nikamwambia.

"Utaonekana na nani?"

"Na kila mtu, Baba."

Aliweka kikombe chini. Akawa anasugua kiganja cha mkono mmoja kwa kidole gumba cha mwingine, pale penye sugu. Hatimaye akaniuliza yanahitajika lini. Hayo tu ndiyo tuliyoyazungumza. Mwenyekiti nilimpa kurasa ishirini na picha, baba yangu nikampa neno moja. Kumbukeni hilo, kwa sababu mimi nililisahau.

Nikarudi Meru kwa mwezi mzima, nilikuwa na nyumba ya mtu Kaaga iliyokuwa inanisumbua. Siku moja mwenye duka la chini akanisimamisha ngazini. Huyu ni mzee Mwislamu, babu yake alikuja Meru na biashara ya ngozi akaoa akakaa, na Kiswahili chake hunifanya nikionee aibu changu.

"Binti," akasema, "mimi nimeambiwa na babako nisiseme, basi sisemi. Ila msasa mwingi umepanda gari la asubuhi kwenda Karurumo."

"Msasa? Wa nini?"

"Si nimekwambia sisemi?"

Nikacheka nikapanda zangu juu. Nilidhani ni wa fremu za milango. Ala! Mtu aliyesoma miaka yote ile.

Nilipofika shuleni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wazee watatu walikuwa wamesimama kwenye nyasi wakiwa wamevaa koti za kanisani. Baba katikati, kulia kwake rafiki yake anayetumia mkono wa kushoto, kushoto kwake yule mwingine ambaye huongea mara moja kwa wiki. Mama yangu alikuwepo pia, na leso mpya kichwani. Nyuma yao mawe yamepangwa safu ndefu, yamefunikwa kwa majani ya migomba. Baba akainama akafunua jani la kwanza kama mtu anayefunua chakula cha mgeni.

Jiwe lilikuwa laini. Laini kama kipande cha sabuni. Akafunua la pili, la tatu, la kumi. Yote laini. Uso wa kila jiwe ulikuwa umesuguliwa kwa mchanga na maji, halafu kwa jiwe jingine, halafu kwa msasa, mpaka hakuna alama moja ya tindo iliyobaki. Nilipitisha mkono nikitafuta hata mstari mmoja. Hakuna.

"Gusa tena," Baba akasema, anatabasamu. "Mashine haiwezi hivyo."

Haki ya Mungu, natamani ningenyamaza. Lakini damu ilishapanda.

"Nani aliwaambia mfanye hivi?" nikapiga kelele. "Nani? Mmeharibu kila kitu! Ningetaka mawe laini si ningenunua ya mashine?"

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema, mbele ya wazee watatu waliovaa koti kwa ajili yangu. Yule anayeongea mara moja kwa wiki alitazama viatu vyake. Baba hakunigombeza. Mtu hagombani na mamake. Alilirudisha jani juu ya jiwe la kwanza, taratibu, akatia nyundo na tindo kwenye gunia, akasema, "Sawa, mama," akateremka njia ya nyumbani. Wenzake wakamfuata.

Mama alibaki.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Nikainua jani moja la mgomba, nikalirudisha.

"Maji ya kusugulia nilibeba mimi. Kutoka mtoni, wiki mbili. Mgongo wangu haujanyooka mpaka leo." Akakaza leso yake. "Na bado nilikuwa naimba."

Naye akaondoka. Nikabaki na mawe, na mwalimu mmoja aliyejifanya anafunga dirisha.

Jumatatu niliingia ofisini uso umevimba. Mzee wa duka akanipa kiti karibu na misumari, akaniagizia chai ya tangawizi, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hasira hasara, hilo unalijua, sikuambii. Nakuuliza jingine. Ulimwambia nini huyo baba?"

"Nilimwambia yataonekana."

"Na ulimwambia kwa nini unayataka?"

Yeye akageukia mteja aliyetaka bawaba, na hakunitazama tena, na hiyo ilikuwa huruma yake kubwa. Nilipanda juu nikafungua lile faili la kurasa ishirini. Kila kitu kilikuwa mle, jua, kivuli, mkono wa mtu, na hakuna hata mstari mmoja ambao baba yangu alikuwa ameusikia. Nilikuwa nimeyatunza maneno mazuri kwa watu wenye tai. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada.

Jumamosi iliyofuata nikarudi. Mama hakuniuliza kitu. Aliniwekea kibuyu cha uji wa wimbi uliochacha, akasema, "Yuko timboni. Usiende mikono mitupu."

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe lililokataliwa miaka mingi iliyopita, lina ufa katikati. Timbo limeota majani, siku hizi wenye mashine wanachimba ng'ambo ya pili. Nikammiminia uji, nikampa kwa mikono miwili. Akanywa.

"Baba, nimekukosea," nikasema. "Nilikutukana mbele ya wenzako, na kosa lilikuwa langu. Nisamehe."

Haya yote tuliyasema kwa Kiembu, na kwa Kiembu yalikuwa mazito zaidi. Baba aliufuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Wewe ulisema tutaonekana," akasema. "Miaka yote hatujawahi kuonekana. Mtu akijua ataonekana na watu, anaoga. Anapaka mafuta. Huwezi kwenda mbele ya watu na vumbi la kazi. Sisi tuliyaogesha."

Nililia pale pale, sikuficha, na yeye aliangalia pembeni akinipa nafasi. Nilipotulia nikachukua tindo lake, nikainama kwenye lile jiwe alilokalia, nikamwonyesha ubavuni mistari aliyoipiga yeye akiwa kijana, ya mshazari, iliyolala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Nikamweleza vile nilivyomweleza mwenyekiti, bila kurasa. Nikamwambia hii mistari ndiyo niliyokuwa naitaka. Nikamwambia ningeweza kuijua popote duniani kwamba ni yeye.

"Hii?" Akaigusa. "Hii ni kazi ya haraka tu."

"Hii ni wewe, Baba."

Aliinamia ile mistari. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Kwa hiyo mimi nasugua uso wangu mwezi mzima, na wewe kumbe ulikuwa unatafuta kisogo!"

Tukacheka mpaka uji ukamwagika. Ndipo nikauliza kisogo kikoje. Akaniambia walisugua uso mmoja tu wa kila jiwe, ule wa mbele. Nyuma waliacha alama za tindo kama kawaida, kwani nyuma, kwa ramani yangu mwenyewe, ndani ya chumba, palikuwa pa kupigwa plasta. Nikaruka kwa furaha. Nikasema basi, mambo yamekwisha, tunageuza tu, kisogo kinatoka nje kwenye jua, na huu uso laini unaingia ndani, tunaupiga plasta.

Kicheko kikakatika.

"Unaupiga nini?"

"Plasta. Ndani."

"Mamako alibeba maji kutoka mtoni," akasema polepole, na safari hii alikuwa amekasirika kweli, jina la mamake au si jina la mamake. "Upana wa ukuta wako ni jiwe ngapi?"

"Moja."

"Jiwe moja. Kwa hiyo jiwe hilo hilo liko nje na liko ndani. Ukuta una pande mbili, mama. Umesoma miaka yote hiyo na wamekufundisha upande mmoja?"

Nimekaa na maprofesa, nimesimamia nyumba za matajiri, na aliyenipa fundisho langu kubwa la usanifu ni mzee aliyeketi kwenye jiwe lenye ufa, na uji kwenye ndevu. Sikungoja usiku, pale pale kwenye gari nilifungua ramani nikalikata neno plasta upande wa ndani kwa kalamu nyekundu. Nje tindo, ndani laini. Nje kwa macho, na ndani kwa mgongo wa mtoto anayeegemea akisoma, shavu lake, kiganja chake. Jiwe moja, kazi mbili, na zote wazi.

Waashi walijenga kwa wiki sita na Baba hakukosa siku. Hakubeba kitu. Alikaa kwenye debe lililogeuzwa akielekeza, "Hilo siyo hapo, hilo ni la mkono wa kushoto, likae karibu na ndugu zake," na waashi, ambao mwanzoni walikuwa wanacheka chini kwa chini, wakaanza kuuliza wenyewe, mzee, hili je? Wazee wenzake walirudi pia. Sikuwaomba msamaha kwa maneno peke yake, niliwapelekea sukari na majani ya chai kila mmoja kwake, na yule msemaji wa mara moja kwa wiki alitumia neno lake la wiki kuniambia, "Imeisha."

Nami nilikuwa nimemsahau mwenyekiti.

Siku mbili kabla ya ufunguzi, saa mbili asubuhi, simu ikalia. Mzee wa duka.

"Binti, hili sikuambiwa nisiseme. Mwenyekiti wako alichukua ndoo nne za krimu na mbili za bluu jana jioni. Fundi wa kupaka rangi anaanza leo."

Sikumbuki vizuri nilivyofika. Nakumbuka nilikuwa naongea peke yangu njia nzima, na maneno mengine si ya kuandikwa. Mwenyekiti, nilikuja kujua, alikuwa akipita shuleni kila mara jioni akitoka shambani, na jioni ukuta wa mashariki uko kivulini, umepoa, wa kijivu tu. Aliutazama hivyo siku baada ya siku na moyo ukamshuka. Mgeni rasmi anakuja, wazazi wanakuja, na ukuta hauridhishi macho. Makubaliano ni makubaliano. Simlaumu leo. Siku hiyo nilimlaumu.

Nilipofika saa nne na kitu, niliwakuta hivi: wazee watatu wameketi kwenye benchi ya darasani, migongo imeegemea ukuta, koti za kanisani mwilini, kibuyu cha uji katikati yao. Mbele yao amesimama mpaka rangi, brashi mkononi, ndoo ya krimu imefunguliwa. Na mwenyekiti kando, kofia mkononi, jasho linamtoka.

"Injinia, waambie wazee wasogee," akasema aliponiona.

"Hakuna aliyekataza rangi," Baba akasema kwa upole. "Apake tu. Lakini aanze na sisi."

Mpaka rangi akaangua kicheko, akaiweka brashi chini, akasema yeye hajawahi kumpaka mzee wa mtu na hataanza leo.

Nikavuta pumzi niseme yangu, na yalikuwa mengi. Baba akaniinulia kidole kimoja. Akammiminia mwenyekiti uji.

"Keti kwanza. Saa hizi ni ngapi?"

"Saa nne u nusu."

"Basi kunywa polepole."

Huwezi kukataa uji wa mzee. Mwenyekiti akaketi kwenye ndoo ya bluu, akanywa. Baba akamwuliza habari za kahawa. Akamwuliza habari za ng'ombe aliyekuwa mgonjwa. Kisha, kama anayekumbuka kitu kidogo, akamwambia, "Nyumba yako ile, mawe nilichonga mimi."

"Ile yangu?"

"Yote. Mwaka uliooa. Hujawahi kuniona pale, na mimi sikulalamika, plasta yako ni nzuri. Lakini leo nataka unione mara moja tu. Mara moja, halafu upake."

Wakasimama wote watatu, wakaondoa benchi, wakasogea.

Jua lilikuwa limeshapanda. Lilikuwa linateremka na ukuta kutoka kwenye ukingo wa paa, na mahali lilipopita mistari iliamka. Kwanza safu ya juu, mishazari ya Baba, yote imelala upande mmoja. Kisha ile ya mkono wa kushoto, imelala upande wa pili, ikikutana na ya Baba katikati ya ukuta. Kisha ile mifupi mifupi ya yule mnyamavu, mingi, mingi ajabu, utadhani maneno yote aliyobana miaka yote aliyamwaga pale. Ndani ya dakika chache hapakuwa na jiwe moja lililolala. Mimi niliyechora ule ukuta nilikuwa sijauona bado saa ile.

"Timboni huu ndio muda tuliokuwa tunakagua jiwe," Baba akasema. "Saa tano jua halifichi kitu."

Nikamgeukia. Alijua. Jua lile nililoandikia kurasa ishirini yeye alifanya nalo kazi maisha yake yote.

Mwenyekiti alisimama pale kofia ingali mkononi. Alikaribia ukuta, akaugusa, akaingia ndani ya chumba, na kupitia mlango nikamwona anapitisha kiganja kwenye ule upande laini, anarudi, anapitisha tena. Alipotoka alikuwa ameinua kichwa kama mwenye mali.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema, kana kwamba ni yeye aliyekuwa anatubembeleza sisi. Kisha akaziangalia ndoo. "Lakini rangi nimeshanunua."

Kwa hiyo milango ya maktaba yetu ni ya bluu, na vyoo vya shule ni krimu juu bluu chini, vinang'aa kuliko vyoo vyote vya eneo hilo. Siku ya ufunguzi mwenyekiti alipanga hotuba zianze saa tano kamili, akamsimamisha mgeni rasmi mahali hasa pa kusimama, akamweleza habari ya jua na tindo neno kwa neno kutoka kwenye kurasa zangu. Nilimwacha. Mama alikaa ndani, mgongo wake ukiegemea ukuta aliouchotea maji, akasema sasa ndiyo umenyooka.

Mwezi uliopita nilimpeleka Baba Meru kuangaliwa macho, maana vumbi la mawe halisahau mtu. Tulipita Nkubu. Lile duka bado lipo, siku hizi ni la njano, wameandika habari za simu ukutani. Nilipunguza mwendo makusudi nikangoja, kama ninavyongoja tangu utotoni, aseme lile neno lake.

Hakusema. Alilitazama duka mpaka tukalipita, mikono imetulia magotini.

"Baba, mle ndani si uko wewe?"

"Nilikuwa," akasema. "Siku hizi mimi niko Karurumo. Niko nje. Anayenitaka aje saa tano."

Akafunga macho yake mabovu, akaegemea kiti, akalala. Nami nikaendesha gari nikitabasamu peke yangu mpaka Meru.